UZI: Ufilipino wamelipia kuta za mto ambazo hazipo. Niliyoyaona Manila na ninayoyasikia kwa kabayan (Wafilipino wanavyoitana) ninayekaa naye

Mtoto wa Chumbageni:

Wakuu salaam. Uzi huu nimeukalia kitambo, leo niko off na joto la Doha halinipi sababu ya kutoka nje, ngoja niushushe. Ni mrefu, mwenye haraka apite tu hatumdai.

Mimi nakaa chumba kimoja na Mfilipino, mwaka wa nne sasa tunafanya kazi sehemu moja. Namwita Kuya, kwao ndo kaka, na kanizidi umri kwa hiyo anastahili. Kwao ni Hagonoy, mkoa wa Bulacan, kaskazini ya Manila, kule chini mito inakomwagia baharini. Julai 2025 usiku naamka kwenda chooni namkuta kakaa kitandani na simu, anaangalia video aliyotumiwa na mkewe. Maji yamejaa ndani, friji imepandishwa juu ya meza ya kulia, watoto wanapita sebuleni na ndoo kama wanavuka mto. Nikampa pole. Akacheka. Akaniambia friji hiyo ina miaka 6 na kila mwaka inapanda mezani, mke wake ana kamba kaitunza kwa kazi hiyo tu.

Maji wameyazoea. Mwezi huohuo kanisa la Barasoain pale Malolos, la kihistoria kabisa, watu walifunga ndoa maji yakiwa ndani ya kanisa, bibi arusi shela inaelea nyuma yake, picha zilizunguka dunia nzima. Kilichomuuma Kuya kilikuja tarehe 28, rais wao Marcos Jr. anahutubia bunge akasema kuna watu wanakula hela za miradi ya mafuriko, akawaambia oneni haya kwa Wafilipino wenzenu. Ukumbi ukapiga makofi. Kuya akasimamisha video, akaniambia angalia wanaopiga makofi.

Tarehe 11 Agosti namba zikaanikwa. Kuanzia Julai 2022 mpaka Mei 2025 miradi ya mafuriko 9,855, zaidi ya peso bilioni 545. Hiyo ni zaidi ya dola bilioni 9 wakuu, siyo za vocha. Makandarasi walikuwa zaidi ya 2,400 lakini 15 tu walibeba asilimia 20 ya mzigo wote. Miradi zaidi ya 6,000 haikuandikwa hata inajenga nini hasa, ukuta au pampu au mtaro, imeandikwa mafuriko halafu bei. Mingine iko sehemu tofauti kabisa ila bei ileile.

Tarehe 20 rais mwenyewe akaenda Baliuag, hukohuko Bulacan, kuangalia ukuta wa zege wa kingo za mto, peso milioni 55, kwenye makaratasi umekamilika na hela imeshalipwa. Kufika, hakuna ukuta. Siyo kwamba umejengwa ovyo au umepasuka, haupo kabisa, ni mto na majani na rais kasimama pale na viatu vyake.

Naendelea, ngoja nichemshe chai.

Bi Zuhura:

Nimetandika mkeka hapa na kahawa yangu. Endelea mwanangu.

kigingi_cha_tatu:

Sisi tulikuwa na wafanyakazi hewa wenzetu wana kuta hewa. Ila swali, milioni 55 za peso ni karibu dola milioni 1, mtu anasainije kwamba ukuta upo wakati haupo? Mkaguzi si anatakiwa aende pale na futi yake apime?

Msee wa Kaloleni:

Wadau hii story mimi nimeifuata sana. Kuna mkandarasi mmoja mama alihojiwa kwa TV kuhusu magari yake ya kifahari, akasema ile Rolls-Royce alinunua kwa sababu alipenda mwavuli wake. Mwavuli! Na kazi yake ni miradi ya mafuriko. Hata ukitunga hivyo watu watasema umezidisha chumvi.

Bi Zuhura:

Huyo mwavuli alikuwa anauhitaji kweli maskini 😂

Mtoto wa Chumbageni:

@kigingi hilo swali nilimuuliza Kuya hivyohivyo. Wizara yao ya ujenzi wanaiita DPWH, ina ofisi za wahandisi za wilaya nchi nzima. Sasa ofisi hiyohiyo moja ndo inaandaa mradi, inatangaza zabuni, inasimamia kazi, halafu ndo inaandika cheti kwamba kazi imeisha mkandarasi alipwe. Yaani mpishi ndo mwonjaji ndo anayekuletea bili. Mkishaelewana watu watatu wanne mle ndani, ukuta wa nini? Ukuta unapunguza faida.

Kuna kingine kabla ya hapo. Wenyewe wana msemo kwamba mradi "umechomekwa". Bajeti ikiwa inapita bungeni kuna miradi inaingizwa ambayo wizara haikuiomba, haipo kwenye mpango wowote wa bonde la mto, imetokea tu na kiasi chake cha hela. Mhandisi wa wilaya anapokea mradi una bei kabla hajatokea mtu kwenda kuupima mto. Kwenye vikao vya kuhojiwa bungeni wahandisi wa ofisi moja ya Bulacan ndo walimwaga mtama, hadi picha za maburungutu ya noti yamepangwa juu ya meza zikaonyeshwa. Kuya aliiangalia ile picha muda mrefu sana halafu akaanza kuhesabu ngapi ni tiketi za ndege za kwenda kwao.

Fundi Mtaro:

Naomba nichangie kitaalamu kidogo, hizi ndo kazi zangu (mitaro na makalavati, siyo Ufilipino lakini).

Tuseme hata zile kuta zote zingejengwa. Bado ungepata mafuriko. Ukijenga ukuta kipande huku juu bila kuangalia mto mzima unayasukuma maji kwa jirani wa chini kwa kasi zaidi, sasa jirani naye anaomba ukuta wake, na mwanasiasa wa jirani anafurahi kwa sababu kapata mradi. Biashara haiishi.

Pili kule Bulacan ya pwani na kaskazini ya Manila ardhi yenyewe inashuka. Miaka mingi watu na viwanda wanavuta maji ya chini kwa visima, udongo unajikandamiza, nchi inazama taratibu wakati bahari inapanda. Ndo maana Hagonoy wanapata maji barabarani hata siku ya jua kali, bahari ikijaa tu. Ukuta wa mto haukusaidii kitu hapo.

Tatu, na hili ndo linaniuma. Septemba 2009 ilipiga mvua ya dhoruba Ondoy, siku moja ikashusha milimita 455 Manila, watu mamia walikufa. Baada ya hapo ukatengenezwa mpango kamili wa kudhibiti mafuriko ya Manila na maeneo ya jirani, Benki ya Dunia ilisaidia, ukapitishwa 2012, gharama yake kama peso bilioni 350. Mabwawa huku juu milimani, kingo, pampu, kila kitu na mpangilio wake. Sasa linganisha na hiyo bilioni 545 ya miaka mitatu. Najua hiyo ni ya nchi nzima na mpango ni wa Manila tu, lakini hela za kutosha kufanya kitu cha maana zilikuwepo. Zilikatwakatwa vipande vidogo 9,855, kila kipande na mkono wa mtu.

kigingi_cha_tatu:

Fundi umenifungua macho. Bwawa moja kubwa linaonekana, ukilijenga hewa kila mtu atajua. Vikuta vidogo elfu kumi nani anavihesabu.

Fundi Mtaro:

Umenisemea mkuu.

dada_wa_ferry:

Mtoa mada ulisema ulienda Manila, hayo ya mito tumeyasikia, tuambie usafiri. Zile jeepney ulipanda? Nasikia ndo daladala zao.

Mtoto wa Chumbageni:

Nilienda Januari 2025 likizo na Kuya, wiki tatu. Jeepney nilipanda mpaka nikawa mwenyeji.

Ilianza baada ya vita ya pili, Wamarekani waliacha majipu yao ya jeshi, mafundi wa pale wakayakata wakayarefusha, ndo ikazaliwa. Unaingilia nyuma, mabenchi mawili yametazamana, magoti yanagusana na ya mtu usiyemjua. Nyingi hazina konda. Nauli wakati ule ilikuwa peso 13, unampa jirani unasema "bayad po", jirani anampa jirani, inatembea mikono mitano sita mpaka kwa dereva, na chenji inarudi njia ileile. Siku ya kwanza nilitoa noti ya 100 nikiwa mlangoni kabisa, nikajisemea hii ndo imeenda. Ikarudi 87 kamili, sarafu zina joto la mikono ya watu. Ukitaka kushuka unasema "para po" au unagonga dari kwa sarafu. Dereva mkono mmoja usukani, mwingine anagawa chenji, na kioo cha mbele kimejaa rozari na majina ya watoto wake.

Na dereva yule kila siku anadaiwa hesabu. Wao wanaita "boundary" lakini ni hesabu ya bosi ileile tunayoijua, mwenye gari anataka chake, mafuta juu yako, kinachobaki ndo chako. Kwa hiyo anasimama popote, anagombania kichwa, anakaa kituoni mpaka ijae.

Sasa 2017 serikali ikaleta mpango wa kuziondoa zile za zamani, ije minibasi mpya yenye injini safi, wenye magari wajiunge kwenye ushirika wakakope. Wazo siyo baya, zile gari zinatoa moshi mweusi unaingia mpaka kwenye meno. Shida bei, mpya moja ni zaidi ya peso milioni 2. Mtu wa hesabu wa jeepney atalipa hiyo lini? Tarehe ya mwisho ya kujiunga ikasogezwa, ikasogezwa tena, migomo juu ya migomo, mpaka 30 Aprili 2024 ndo wakasema mwisho, na hata baada ya hapo mvutano haukuisha.

shombe_la_bandari:

Hapo mimi sikubaliani na huruma zako mkuu. Moshi ule unaua watu, kuna watoto wanaukalia saa mbili kila siku kwenda shule. Kila nchi ikitaka kubadilisha usafiri wenye magari wanalia. Wangefuta tu, watu wangezoea.

dada_wa_ferry:

@shombe ungekuwa wewe ndo dereva miaka 30 halafu unaambiwa ukope gari la karibu dola elfu 40 ungezoea? Aliyesema zifutwe hapandi.

shombe_la_bandari:

Basi serikali inunue yenyewe iwaajiri madereva kwa mshahara. Kuliko kumkopesha masikini deni la tajiri.

Mtoto wa Chumbageni:

@shombe umesema kitu kinachokaribiana na kilichowahi kufanyika pale kwa mabasi, na ndo nilitaka kukifikia.

Kuna barabara inaitwa EDSA, inauzunguka mji wa Manila kama nusu duara. Foleni yake ni ya kuhadithia wajukuu. Zamani mabasi yalikuwa yanapita pembeni kushoto kulia, makampuni kibao, dereva na konda wanalipwa kwa abiria waliobeba kwa hiyo kila basi linamkimbiza mwenzake, wanaziba njia tatu kituoni. 2020 korona ikaja, usafiri ukasimamishwa wote. Wakati wa kurudisha, wizara ya uchukuzi ikafanya kitu cha ajabu kwa urahisi wake: wakachukua njia ya katikati, wakapanga vizuizi vya zege, wakasema hii ni ya mabasi tu, vituo vikawa katikati, na mwanzoni serikali ikawa inawalipa wenye mabasi kwa kilomita na siyo kwa vichwa. Kuanzia Monumento upande wa kaskazini mpaka kule kituo kikuu cha kusini kinaitwa PITX, kama kilomita 28, saa 24. Safari ya masaa mawili matatu ikawa kama saa moja.

Mimi nililipanda usiku saa nane tumetoka kwa ndugu zake Kuya. Vituo vyenyewe vya kawaida sana, pengine ni bati na ngazi, ngazi zenyewe ndefu mama mwenye mizigo anateseka. Lakini basi likaja. Baada ya dakika chache likaja lingine. Pembeni yetu magari ya watu yamesimama taa nyekundu mpaka upeo wa macho, saa nane ya usiku!

Juu ya barabara hiyohiyo kuna treni, MRT-3, kilomita 16.9, vituo 13, ya mwaka 1999. Ilijengwa na watu binafsi kwa makubaliano kwamba serikali inawalipa kodi ya pango na faida yao ya asilimia 15 imehakikishwa, treni ijae isijae. Wajapani wa Sumitomo ndo walikuwa wanaitunza, 2012 wakaondolewa wakawekwa wengine. Kilichofuata, 2017 behewa lilichomoka kwenye treni abiria wakatembea kwa miguu juu ya reli. Treni zikashuka mwendo mpaka kilomita 30 kwa saa, unaweza kushindana nayo na baiskeli. 2019 Sumitomo wakarudishwa, reli zikabadilishwa, ikarudi 60.

Halafu mabehewa ya Dalian. Walinunua mapya 48 kutoka China, mkataba wa 2014, peso bilioni 3.8. Yakafika. Ikaonekana uzito wake na mifumo yake haviendani na reli iliyopo, yakakaa stoo. Treni yake ya kwanza kuingia kazini kama inavyotakiwa ilikuwa Julai 2025. Kuya anasema mwanae alikuwa darasa la kwanza yaliponunuliwa, sasa ana ndevu.

Msee wa Kaloleni:

Wueh. Si mtu hupima nguo kabla anunue?

Fundi Mtaro:

@Msee ndo ugonjwa uleule wa kuta. Kununua kuna sherehe na asilimia. Kutunza kuna grisi na mafundi wa zamu ya usiku, hakuna wa kukata utepe pale. Hiyo MRT ilikufa kwa kukosa matunzo, siyo kwa kukosa mabehewa.

Bi Zuhura:

Mwanangu hao wakubwa wao wanapanda hayo mabasi?

Mtoto wa Chumbageni:

Bi Zuhura, Septemba 2025 kaimu waziri wa uchukuzi alitoa agizo maofisa wa wizara wapande usafiri wa umma angalau mara moja kwa wiki. Kuya alipoisoma akauliza na siku sita zilizobaki wanajifunza nini.

Huko kwenye ujenzi nako mambo yakaenda haraka. Waziri Bonoan akajiuzulu, kuanzia Septemba mosi akahamishiwa Vince Dizon aliyekuwa uchukuzi, ikaundwa tume huru ya miundombinu. Tarehe 21 Septemba, siku wanayokumbuka sheria ya kijeshi ya Marcos baba ya 1972, watu maelfu kwa maelfu wakajaa barabarani Manila kupinga wizi huo. Hapa Doha makabayan waliangalia kwenye simu wakati wa lunch, jikoni kwetu kulikuwa kimya kama msibani, na hawa watu huwa hawanyamazi hata kidogo, karaoke mpaka kwenye basi la kazini.

Halafu rais akasema bajeti ya 2026 haitakuwa na hela ya miradi mipya ya mafuriko, iliyotengwa ipelekwe kwingine, elimu, afya na kadhalika.

kigingi_cha_tatu:

Hapo safi. Bomba linavuja funga koki.

Fundi Mtaro:

Safi kwa mwaka 1. Ila mvua haijasaini hiyo bajeti. Koki ukiifunga na yule mwenye kiu ya kweli naye anakosa.

dada_wa_ferry:

Mtoa mada, kwa Kuya sasa hivi ikoje? Walijengewa chochote?

Mtoto wa Chumbageni:

Walijengewa barabara dada. Na hapa ndo nilicheka siku nilipofika kwake, kabla sijaelewa.

Kufika nyumbani kwao unatoka kwenye gari unashuka ngazi kuingia ndani. Nikadhani ndo ujenzi wa kwao. Kumbe nyumba ilijengwa juu kuliko barabara, mtaa ukawa unafurika, serikali ikaja ikanyanyua barabara kwa zege. Baada ya miaka kadhaa ikanyanyua tena. Barabara sasa iko usawa wa dirisha, haifuriki, nzuri kabisa, maji yake yote yanashukia sebuleni kwa watu. Kwa hiyo kila mwenye uwezo anajaza kifusi ndani anapandisha sakafu, asiye na uwezo anahamia chumba cha juu, asiye na chumba cha juu anahama. Mtaa wa tatu kutoka pale niliona nyumba limebaki paa na nusu dirisha, mbuzi kapanda juu anakula majani.

Kuya kapandisha sakafu mara mbili, hela ya hapa Doha ndo inaenda huko, malori ya kifusi. Mimi siyo mrefu lakini pale kwake nilikuwa napita mlango nimeinama. Feni ya dari wameshaitoa.

Mwezi uliopita katuma hela ya mara ya tatu.

Msee wa Kaloleni:

Sasa friji itapanda wapi?

Mtoto wa Chumbageni:

Nimemuuliza leo asubuhi. Anasema mkewe kapima, friji ikiwa juu ya meza inagusa dari. Wanatafuta fundi seremala akate miguu ya meza.